Mwinuko wa Tatu

Jumanne ya nne mfululizo, Mutindi alichimba mafungu mawili. La kwanza lilikuwa lake, la pili la mumewe Jonah. Mama Kanini, mwenyekiti wa mwethya, alilipima lile la pili kwa miguu yake mwenyewe, hatua sita ndefu kwenye shamba la Mbithe, akachora mstari kwa kisigino na kusema, bila kumtazama mtu, kwamba la Jonah linaishia hapo. Hakupunguza hata shibiri moja. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana: leo mnachimba matuta ya huyu, Ijumaa mnachimba ya yule, na asiyefika huchimbiwa fungu lake na mtu wa nyumbani kwake. Ndivyo sheria ilivyo, na Mama Kanini aliipenda sheria kuliko chai.

Wenzake walimaliza saa tano wakaketi kunywa uji. Mutindi alikuwa bado ndani ya mtaro, udongo umemfika magotini, na wao wakazungumza kwa sauti ya kumfikia.

"Kwani Baba Kaloki bado anacheza na baiskeli?"

"Hachezi," Mutindi alijibu kutoka mtaroni. "Anafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini na kichwa iko na mvi?"

"Si ndiyo afike haraka kwa daktari ya magoti," Mbithe alisema, na wote wakacheka. Mutindi aliinamia jembe lake. Lililomuuma si kicheko. Lililomuuma ni kwamba hata yeye hakujua vizuri mazoezi yale ni ya nini, maana mumewe hakuwa mtu wa kueleza mambo.

Haki yake apewe: Jonah hakuwa akicheza. Kwa miaka kumi na saba alikuwa ameteremsha kabichi, ndizi na avokado kutoka mashamba ya juu ya Mbooni hadi soko la Tawa, magunia mawili kwa safari moja, kwa baiskeli nyeusi isiyo na breki ya mbele, akipunguza mwendo kwa soli ya kiatu. Alilijua kila jiwe la mlima ule. Kisha barabara ikachongwa, na malori ya wanunuzi yakaanza kutoka upande wa Malili na kupanda mpaka mlangoni mwa mkulima. Lori moja lilibeba kwa asubuhi moja mzigo ambao Jonah angeubeba kwa miezi miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake imekwisha. Alikuwa tu akifika shambani na kuambiwa, "Leo tumeshapakia, Jonah," na siku nyingine alipewa ndizi tatu za kumpoza.

Hapo ndipo Nzuki alipoingia. Alikuwa Mkamba wa kuzaliwa Nairobi, Kikamba chake kikimtoka kama mtu anayetafuna mawe, na alikuwa na kampuni ndogo ya kuwapeleka watalii milimani kwa baiskeli. Huko Ulaya, kwenye milima ya Alpi, alikuwa ameshiriki mashindano ambayo watu hushindana kushuka, si kupanda, akataka na Mbooni iwe nayo. Miteremko ni minne, na kila mmoja hupimwa kwa saa. Miinuko, mmoja kabla ya kila mteremko, haipimwi. Mtu hupanda anavyoweza au husukuma baiskeli yake, mradi afike juu kabla ya muda uliowekwa. Mwishoni muda wa miteremko yote minne hujumlishwa, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Nzuki aliazima baiskeli kwa wenyeji sita na kutoa ahadi mbele ya chifu: mwenyeji atakayewashinda wenzake ataajiriwa kuongoza watalii, mkataba wa miaka miwili, mshahara kila mwezi.

Jonah alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mwanawe Kaloki alikuwa amerudishwa kutoka shule ya bweni, kwa kukosa karo, akishinda nyumbani na vitabu vyake kitandani. Kazi nyingine ya kumfaa mtu aliyejua kushuka mlima tu, Tawa haikuwa nayo.

Siku ya kwanza ya mazoezi alianguka mara tatu. Shida yake ilikuwa ngeni kwa Nzuki: Jonah hakujua kushuka bila mzigo. Mwili wake ulikuwa umezoea kilo mia na ishirini mgongoni mwa baiskeli, zikiligandamiza gurudumu la nyuma na kulituliza. Bila hizo, baiskeli ile nyepesi ya kisasa, yenye springi mbele na nyuma, iliruka jiwe kwa jiwe kama mbuzi na kumwangusha.

"Nzuki, mimi naomba kitu moja," alisema akitema mchanga. "Wacha nifunge gunia ya mchanga hapa nyuma."

"Gunia?"

"Nusu tu."

Mutisya, mwendesha bodaboda wa miaka ishirini na mitatu, alilazimika kuketi chini kwa kicheko. Wale wengine wanne walimfuata. Nzuki hakucheka, alieleza kwa upole kwamba baiskeli ile haina hata mahali pa kufungia kitu, na upole huo ulimuuma Jonah zaidi ya kicheko cha Mutisya. Hakuomba tena. Ilimchukua wiki tano kujifunza kushuka mtupu, kurudisha makalio nyuma, kuiacha baiskeli icheze chini yake. Wiki ya sita alimpita Mutisya kwa sekunde nne, na tangu siku hiyo hakuna aliyecheka. Tatizo ni kwamba mazoezi yalikuwa Jumanne na Ijumaa, ambazo ndizo siku za mwethya.

*

Alhamisi kabla ya mashindano, Nzuki aliwaita washiriki katika darasa moja la shule ya msingi ili awasomee kanuni. Kofia ngumu lazima. Namba ionekane mbele. Anayekuja kwa kasi nyuma yako apishwe. Halafu akafika kwenye ile ambayo, kwa maneno yake, watu wa hapa huisahau.

"Hakuna kusaidiwa njiani. Baiskeli ikiharibika, unatengeneza mwenyewe. Mlima ukikushinda, umekushinda. Ukisukumwa au ukivutwa na mtu, jina lako linakatwa."

Jonah aliinua mkono. "Na kama mtu amekupatia mkono tu, pale kwa utelezi?"

"Hata mkono."

Walipokuwa karibu kutoka, aliuinua tena. "Hata kama wewe hujamwomba?"

"Mzee, hata kama hujamwomba," Nzuki alisema, na watu wakatabasamu, maana ilionekana Jonah anahangaikia jambo dogo. Hakuwa na sababu maalumu ya kuuliza. Alikuwa tu amekulia mlima ambao mtu akikukuta unasukuma mzigo hapiti bila kutia mkono, na alitaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

Nyumbani Mutindi alimwekea sahani ya muthokoi wa mahindi na maharagwe akaketi mkabala naye.

"Wamesema nini kwa mkutano?"

"Maneno ya mashindano."

"Maneno gani?"

"Sheria zao."

"Si uniambie na mimi."

"Mama Kaloki, nikikwambia utaelewa nini?" alisema, si kwa hasira, kwa uchovu tu, akavuta sahani. Mutindi hakuuliza tena. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa alikuwa amejifunza kupima mahali ambapo mlango unafungwa, na alikuwa ameacha kubisha.

*

Kesho yake, kazi ilipokwisha, Mama Kanini hakuwaruhusu watu waondoke. Alitoa daftari la mwethya ndani ya mfuko wa plastiki, akavaa miwani na kusoma kwamba Jonah Kimeu amekosa mara ya kumi na mbili.

"Sheria inasema kumi," alisema. "Mimi sijatunga leo. Mkisema jina yake itoke, itoke. Mkisema ikae, mniambie pia mimi nitakaa nyumbani lini."

Kukatwa jina katika mwethya hakumwui mtu. Ila nyumba hiyo itachimba peke yake, itavuna peke yake, na siku ya msiba itaazima viti kwa watu wasioijali. Mutindi alisimama. Alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi, na yote yakampotea.

"Mwaitu, mimi naomba," alisema. Mwaitu ni mama, ndivyo anavyoitwa mwanamke wa rika la Mama Kanini. "Si madharau. Malori imetumaliza. Kama hapati hiyo kazi ya Nzuki, sisi hatuna kitu. Akiipata, Jumanne na Ijumaa atakuja, nitamleta mimi na mkono. Lakini sasa na nyinyi mkitutoa, tutabaki na nani?"

Alitaka kuketi kabla ya kulia, akachelewa. Alilia mbele ya wanawake kumi, jembe mkononi, na alijichukia kwa hilo. Wengine walitazama chini. Mbithe, aliyekuwa ametania magoti ya Jonah, alisogea akasimama karibu naye.

Mama Kanini alivua miwani. "Hiyo mashindano inakuwaje?"

"Wanashuka mlima na baiskeli."

"Na kupanda?"

"Kupanda iko pia. Wanasukuma."

"Nani anasukuma?"

"Mtu mwenyewe, nafikiri."

"Peke yake?" Mama Kanini aliwageukia wengine kana kwamba amesikia tusi. "Mtu ya mwethya apande Mbooni peke yake, na sisi tuko hapa tunaangalia kama ng'ombe? Kwani alipokuwa anabeba kabichi, nani alikuwa anampita bila kusukuma?"

Hakuna aliyeweza kusema amewahi kumpita. Basi likaamuliwa hapo hapo. Jina lingebaki. Na Jumamosi mwethya wote ungekwenda mwinuko wa tatu, ule mkali wa chini ya msitu, kumpandisha mtu wao na watoto wengine wa mlima huu. Mbithe akamwambia Mutindi asimwambie mumewe, ili afurahi kwa ghafla.

Njiani Mutindi alifikiria kumwuliza Jonah kama kuna ubaya wowote. Alipofika nyumbani alimkuta akipaka mnyororo mafuta, kimya, uso umefungwa, na akajua jibu atakalopewa. Akaenda kuwasha moto.

*

Jumamosi walijitokeza washiriki themanini na sita, wengi kutoka Nairobi, watatu kutoka Ulaya. Magari yao yalijaa uwanja wa shule. Mwanamume mmoja aliyevaa miwani ya rangi alimpa Jonah baiskeli yake amshikie, akidhani ni mmoja wa vibarua, na Jonah akaishika mpaka mwenyewe aliporudi kutoka chooni na kuona namba 31 kifuani mwake. Yule mtu aliomba radhi mara nyingi mno.

Mteremko wa kwanza ulikuwa kwenye mawe. Jonah alishuka kwa utulivu, akijua wapi pa kuachia na wapi pa kubana. Wa pili ulipita kwenye mizizi ya mikaratusi, njia ile ile aliyokuwa akishuka na ndizi. Huko chini, karatasi ya muda ilibandikwa kwenye mti: miongoni mwa wenyeji Jonah alikuwa wa kwanza, akimzidi Mutisya kwa sekunde kumi na moja. Mutisya aliisoma, akafuta jasho, akampa mkono.

"Mzee, leo umeamka."

"Bado mbili," Jonah alisema. Lakini moyoni alifurahi kama mtoto. Alikuwa ameshaanza kumwona Kaloki akirudi shule.

Kwenye kona ya mwinuko wa tatu alikuwa ameketi Abdiqani, mwanafunzi wa chuo kutoka Tseikuru, mwana wa mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyelipwa kwa siku moja kusimamia njia. Alikuwa na kalamu, daftari na agizo moja: aandike namba ya yeyote atakayesaidiwa. Alipowaona wanawake kumi na mmoja wakipanda na leso zilizofungwa viunoni, alidhani wamekuja kutazama. Aliwasalimia, wakamsalimia. Mbithe alimpa muwa.

Waliwaacha wageni wapite, wakiwapigia makofi ya heshima. Kisha akatokea Mutisya, ambaye ni mpwa wa Mbithe, mtoto wa dada yake. Mbithe alikuwa wa kwanza kuifikia baiskeli.

"Tokeni!" Mutisya alipiga kelele. "Wachana na mimi! Toa mkono! Toa!"

Hakuwa na pumzi ya kueleza zaidi. Aliuvuta usukani kwa nguvu, Mbithe akayumba, akakalia jiwe. Mutisya alipita bila kugeuka. Juu kwenye kona, Abdiqani aliona mkono umetolewa, akadhani sasa wameielewa kanuni, hakuandika kitu. Wanawake walibaki wamesimama njiani, mikono bado imenyooshwa.

"Nilimlea huyu," Mbithe alisema polepole. "Mama yake akiwa Mombasa, nililea huyu."

"Ni pesa ya Nairobi imeingia kwa kichwa," Mama Kanini alisema. "Mwache aende."

Mutindi alimsaidia Mbithe kuinuka, akampangusa vumbi. Alimwonea huruma, na ndani ya huruma hiyo alijisikia, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, ameolewa vizuri.

"Wangu si kama huyo," alisema. "Mtaona."

Jonah alisikia wimbo kabla ya kuwaona. Ulikuwa wimbo wa kuchimba, ule wa kupeana zamu, na kwanza alidhani kuna shamba linalochimbwa karibu. Alikunja kona akisukuma baiskeli, bila haraka. Alikuwa na dakika ishirini na tano za ziada na hakuhitaji msaada wa mtu yeyote duniani. Akamwona Mutindi akimjia mbio kuteremka, leso ya kichwani imemwangukia mabegani, akicheka kwa mdomo wote. Nyuma yake walikuja wengine kumi. Juu yao, kando ya njia, kijana mwenye daftari alikuwa amesimama.

"Mama Kaloki..." Jonah alianza.

"Nyamaza, wewe panda tu!" Mutindi alisema na kutia mkono kwenye tandiko.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Haikuwa ndefu, labda kama ya kuvuta pumzi mbili, lakini ilikuwepo. Neno moja lingetosha, na alilijua. Mutisya alikuwa amelisema. Kisha Mbithe akashika usukani kwa upande mmoja, akimwangalia usoni kama mtu anayengoja kupigwa kofi la pili. Mama Kanini, mwenye miaka sitini na minane, akaegemeza viganja vyote viwili mgongoni mwa Jonah na kuanza kusukuma. Jonah aliufunga mdomo wake.

Walimpandisha mita sitini, na wimbo ukapanda nao. Abdiqani alipunga mikono yote miwili akipaza sauti, "Wamama, hapana! Wamama!" Baadhi walidhani anashangilia wakampungia pia. Huko juu walimwachia, wakampigia vigelegele, na Mutindi akamfuta jasho kwa pembe ya leso mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya arusi.

Jonah alisukuma baiskeli hadi pale aliposimama yule kijana mwenye daftari.

"Mzee, mimi niliambiwa niandike," Abdiqani alisema.

"Andika."

"Hukuwaambia?"

Jonah alitazama chini ya njia. Wanawake walikuwa wameketi nyasini, wakipumua kwa kelele, wakigawana muwa. "Andika tu, kijana. Hiyo ni kazi yako."

Abdiqani aliandika 31, mwandiko wake ukiwa mbaya kuliko kawaida.

Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumzuia, Jonah aliendelea. Alishuka mteremko wa tatu, akapanda, akashuka wa nne kwa namna ambayo hajawahi kushuka, wala breki hakuzikumbuka mpaka karibu na uwanja. Saa ilisema amemshinda Mutisya kwa sekunde kumi na tisa kwa jumla. Ilisema hivyo kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni, na jina lake juu ya karatasi hiyo lilikuwa limepigwa mstari mwekundu.

*

Mwethya ulikuwa umeleta masufuria uwanjani. Nzuki alipomtangaza Mutisya kuwa mshindi wa wenyeji na kiongozi mpya wa watalii, Jonah alipiga makofi. Wanawake hawakupiga.

"Wameiba," Mama Kanini alisema. "Nitaenda kwa hiyo meza sasa hivi."

"Mwaitu, wacha," Jonah alimzuia. "Yule kijana alikuwa mbio kuliko mimi."

"Na adabu yake je?"

"Hawapimi hiyo."

Mama Kanini akamjazia sahani. Akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba jina lake liko kwenye daftari na litakaa, kwa maana yeye ni mtu ya watu. Jonah alishukuru, akala. Mutindi aliketi kando yake akimsogezea maji. Alikuwa na huzuni, lakini huzuni nyepesi, ya kushindwa kwa haki. Njiani kurudi alimwambia kwamba Mungu hamtupi mja wake, na Jonah akaitikia.

Jumapili, baada ya ibada, Mbithe alimvuta Mutindi nyuma ya kanisa. Mutisya alikuwa amekwenda kwake alfajiri kuomba msamaha, na kilo mbili za sukari. Alikuwa amemweleza kwa nini alimfokea.

"Mutindi, ni sisi," Mbithe alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mikono yetu."

Mutindi hakungoja hata kuvua viatu vya kanisa. Alitembea mpaka shule ya msingi, ambako vijana walikuwa wakikunja mahema. Nzuki alikuwa akipakia baiskeli kwenye gari.

"Mimi ni bibi ya Jonah," alisema. "Nimekuja kusema makosa ni yangu. Ni mimi nilianza kusukuma. Yeye hakujua, na mimi sikujua sheria. Tafadhali, mrudishie."

Nzuki aliweka chini gurudumu alilolishika. Alikuwa mtu mwema, na hakupenda jambo lililokuwa mbele yake. "Mama, nimeshatia sahihi na Mutisya. Na Jonah alijua. Yeye ndiye aliuliza hiyo sheria. Aliuliza mara mbili, kama mtu akikushika bila wewe kuomba. Kila mtu alisikia."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Vijana wa mahema walikuwa wameacha kukunja ili wasikie vizuri. Nzuki aliuliza kama angependa soda. Mutindi alisema asante, hapana, akageuka.

*

Alimkuta Jonah nje, kwenye kigoda, ungo magotini, anapukuchua mbaazi. Hiyo haikuwa kazi yake, wala hakuna aliyemtuma. Mutindi alisimama mbele yake.

"Mbithe ameniambia," alisema. "Na Nzuki ameniambia."

Jonah aliendelea kupukuchua.

"Uliuliza mara mbili. Watu wote wakisikia. Ukakuja hapa, mimi nikakuuliza wamesema nini kwa mkutano. Ulinijibu nini?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka."

Kuku walikuja kudonoa maganda miguuni pao.

"Sawa, sikukwambia," Jonah alisema. "Hapo nilikosa. Lakini pale mlimani ningefanya nini? Nikufokee mbele ya mwethya?"

"Ndiyo."

"Mbele ya mwaitu Kanini?"

"Ungenifokea, Jonah." Hakuwa amemwita kwa jina tangu Kaloki azaliwe, na wote wawili walilisikia. "Miaka kumi na sita umenifokea juu ya chumvi. Umenifokea mbuzi ikiingia kwa mahindi ya watu. Umenifokea simu ikikosa chaji. Siku moja tu, siku moja, kufoka ilikuwa na kazi. Ukanyamaza!"

Jonah aliweka ungo chini. Alitafuta la kujitetea, akapitia yote aliyokuwa amejiambia usiku kucha, kuhusu heshima, kuhusu umri wa Mama Kanini, kuhusu Mbithe na jiwe alilokalia. Hakuna hata moja lililokuwa kweli ya kutosha.

"Ulikuwa unacheka," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Ulikuwa unakuja mbio, leso imeanguka, unacheka. Nikaona nikisema, itaisha. Sikuweza."

Pengine hilo lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kumwambia mkewe. Mutindi alilisikia, likamwingia, na hakujua aliweke wapi. Aliketi chini kwenye ukingo wa baraza na gauni lake la kanisa, akachukua ganda la mbaazi, akalipasua, akalishika tu mkononi. Ndani ya nyumba Kaloki alikuwa akisoma kwa sauti, ukurasa ule ule aliousoma juzi.

"Niangalie," Mutindi alisema.

Jonah aliinua uso.

"Sasa nacheka?"